Mkalimani na Vita vya Mbali

Kiingereza changu, hiki kidogo ambacho wajukuu wangu wanakichekelea, nilifunzwa na vita. Si vita vyangu. Ni vita vya watu wa ng'ambo ambao sijawahi kuwaona, na wao hawajui kama kuna mahali panaitwa Kitengela. Aliyekuwa anatuletea hivyo vita kila Jumamosi saa nane mchana ni mzee mmoja tuliyemuita Mkalimani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi alifanya maisha yake yote kortini Kajiado. Hakimu anaongea Kiingereza, mtu wetu anaongea Kimaasai, na yeye yuko katikati, anapitisha maneno kama mtu anayevusha mbuzi mtoni, mmoja mmoja, bila kupoteza hata mmoja.

Alizaliwa wapi na babake alikuwa nani, hayo msiniulize. Najua alitoka huko magharibi, upande wa miwa na mvua, akaletwa huku akiwa kijana, akajifunza Kimaasai akiwa anapima sukari dukani, na jua letu likamkausha akabaki. Mtu ukikaa naye miaka mingi hivyo, kumuuliza ukoo ni kama kuuliza ng'ombe umemkamua miaka kumi alitoka soko gani.

Mimi nilienda kwake na barua. Wacha niseme ukweli wote, kwa sababu nimezeeka na sina mtu wa kumficha. Barua ilitoka kwa ndugu yangu mdogo, mtoto wa mama yangu, ambaye boma lake na langu zimetenganishwa na njia tu. Kulikuwa na njia ya ng'ombe kutoka kwangu mpaka kisima, na kisima kiko upande wake. Siku moja akapiga waya katikati ya hiyo njia, akaacha tu geti dogo la watu. Halafu akaandikisha barua, tena kwa Kiingereza, akijua mimi niliacha shule darasa la pili kwa sababu ndama walinihitaji kuliko mwalimu. Nilijua amefanya hivyo ili nitembee na barua Kitengela nzima nikitafuta mtu wa kunisomea aibu yangu.

Mkalimani aliiangalia, akaikunja, akanirudishia.

"Sikusomei," akasema.

"Mzee, kwa nini?"

"Nikikusomea leo, kesho utaleta ingine. Utakuwa umenioa. Jumamosi kuja, ukae chini, ujifunze, ujisomee."

Nilikasirika mpaka nikasahau kumuaga. Lakini Jumamosi nikaenda.

Mama yetu, tunamuita Yeyo, alikuwa anaishi kwangu. Siku hiyo nikitoka aliniuliza naenda wapi, nikamwambia nimeanza shule. Alicheka akakohoa. Halafu akasema maneno ambayo yalinikaa kifuani miaka yote hiyo: "Jifunze basi. Lakini mimi sitaki kuzikwa na watoto wawili wanaangalia pande mbili." Hicho ndicho kitu kilikuwa mbele yangu wakati wote ninaowaambia habari zake. Nikisahau nikaanza mambo mengine, nyinyi msisahau.

Darasa lilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, chini ya mabati. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Ubao ulikuwa mlango wa chuma ulioegemezwa ukuta, chaki ikipita juu yake inalia kama popo. Tulikuwa watu saba au wanane. Mama mmoja wa kuuza mitumba, mwenye mdomo. Askari wa geti ya nyumba za kukodisha. Bwana wa bucha. Wasichana wa kazi za nyumba, siku wakipewa ruhusa. Na mimi, mzee kuliko wote isipokuwa mwalimu.

Vitabu hatukuwa navyo. Bwana wa bucha alikuwa ananunua magazeti ya zamani ya kufungia nyama, na Mkalimani alikuwa amemwambia: "Kurasa za siasa ya hapa, fungia watu nyama. Kurasa za ng'ambo, niwekee." Basi tulisoma habari za mabalozi na mizinga kwenye karatasi iliyo na doa la damu ya mbuzi pembeni. Neno likiingia namna hiyo halitoki.

Mama wa mitumba ndiye alimuuliza. "Mwalimu, mbona hatusomi habari za kwetu? Hapa Kenya Kiingereza kimeisha?"

"Kiko. Lakini nikisoma habari za kwetu, wewe mama utanuna, huyu mzee atanuna, na huyu wa bucha atachukua kisu. Vita vya mbali havina shemeji. Hakuna mtu hapa atalia."

Tuliupenda huo msemo, tukawa tunausema hata sokoni. Lakini alikuja kujikosoa mwenyewe. Siku moja kulikuwa na picha ya mwanamke amebeba godoro kichwani, nyuma yake nyumba zimeanguka. Alikuwa anatufunza kusema "displaced", mtu aliyeng'olewa kwake. Mama wa mitumba aliangalia ile picha, akavuta leso, akalia bila sauti, mabega tu. Hatukumuuliza. Watu wengi wa Kitengela wamekuja na kitu wamebeba kichwani. Mkalimani alifuta ubao, akasema, "Nilikosea. Viko na shemeji." Siku hiyo tukaenda nyumbani mapema.

Alivaa koti la kortini, la kijivu, hata jua likiwa la kupasua mawe. Akisikiliza mtu alikuwa anafunga macho na midomo inacheza, na wewe unajua maneno yako yanageuzwa huko ndani, hata kama unamwambia tu bei ya vitunguu. Aliishi na sisi zaidi ya miaka arobaini na bado aliogopa ng'ombe. Si fahali peke yake, hata ndama. Mara moja nilimkuta amepanda juu ya jiwe na koti lake, ndama wa wiki mbili anamlamba kiatu, na yeye anamwomba aondoke kwa Kiingereza cha korti, pole pole, "Please withdraw."

Na alikuwa mwizi wa drafti. Ndiyo, nasema. Mtu ambaye hakuna mtu wa Kajiado nzima anaweza kusema alikula hongo hata ya soda, ukicheza naye drafti ya visoda, vile vifuniko vya chupa, ukipepesa macho kisoda chako kimeenda. Ukimwambia anasema, "Leta ushahidi." Nilimpenda zaidi kwa sababu ya hiyo. Mtu asiye na doa hata moja unaogopa kukaa naye.

Redio ya saa saba ikilia, kabla ya darasa, hukuthubutu kumsumbua. Aliweka sikio karibu, mkono juu. "Nyamazeni, wanaongea!" Kama ni wakwe zake wamekuja kuposa. Alikuwa anawakemea mabalozi huko ndani ya redio: "Wewe, huyo amekwambia ndiyo ya hapana! Husikii?" Na alitufunza kuwasikia. "Wakisema 'frank discussion', jueni karibu wapigane. Mkubwa akisema yeye ni 'concerned', ana wasiwasi, hakuna kitu atafanya. Akisema 'deeply concerned', hakuna kitu atafanya na ameona haya kidogo." Hata leo kiongozi wetu akiongea kwa televisheni, mimi nasikiliza kwa hilo sikio.

Sasa, namna yake ya kufunza. Kila neno ilikuwa lazima uende nalo nyumbani, ulitumie huko wiki nzima, na Jumamosi uje na sentensi ya kwako. Alisema neno lisilo na boma litaliwa na fisi. Basi askari wa geti alikuja akasema yeye na mbwa wa tajiri wake wako kwa "negotiations". Mama wa mitumba alisema yeye na jirani yake wamefanya "ceasefire" mpaka nguo zikauke, halafu wataendelea. Tulicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia. Mimi nilisema mbuzi wa jirani ame-"violate" mpaka wangu, nikapigiwa makofi. Sijui kama mnajua mtu wa umri wangu kupigiwa makofi ni kitu gani. Nilitembea mpaka nyumbani bila kusikia miguu.

Na barua nilijisomea, baada ya miezi mitano hivi. Haikuwa hata na maneno mengi. Njia imefungwa, usipite, mpaka ni huu. Ilikuwa barua ya mtu mwenye hasira, basi. Lakini mimi nilikuwa nimeshalewa maneno.

Ndipo nikafanya lile kosa. Wiki hiyo neno lilikuwa "sanctions". Mkalimani alitueleza: nchi ikikasirikia nchi ingine, haipigi bunduki, inafunga mlango. Hakuna kuuza, hakuna kununua, hakuna kupita, mpaka mwingine alegee. Nilisikia kama ni mimi nimeandikiwa. Nilienda nyumbani nikanunua mnyororo na kufuli, nikafunga lile geti dogo. Nikaambia watu wangu wote: hakuna kwenda kule, hakuna wa kule kuja huku.

Jumamosi nilikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. "I have imposed sanctions on my brother!"

Wote makofi. Bwana wa bucha akapiga hata miluzi. Mkalimani hakupiga. Alikuwa amefunga macho, midomo inacheza.

"Sema vizuri, Baba Naserian. Umefunga nini?"

"Geti. Na mnyororo."

"Nani alikuwa anapita hapo?"

"Watoto wake. Bibi yake."

"Walikuwa wanaenda wapi?"

Nikashusha mkono. Kwa sababu walikuwa wanakuja kwa Yeyo. Kila asubuhi bibi ya ndugu yangu alimletea maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, ng'ombe wa Yeyo aliyebaki upande ule tulipogawana. Watoto walimletea kuni, wakakaa wakamkuna mgongo na kumwambia mambo ya shule. Mimi nilikuwa nimeona ndugu yangu tu. Siku nne mama yangu alikuwa amekunywa chai ya maziwa ya dukani na hakuniambia kitu, alikuwa tu ameanza kulala mchana.

"Nani anaumia?" Mkalimani akauliza.

"Mama," nikasema.

Alikaa juu ya gunia. Sikuwa nimewahi kumuona akikaa wakati wa darasa. "Hii ni makosa yangu," akasema. "Niliwaambia mpeleke maneno nyumbani, sikuwaambia mengine yanauma." Halafu akaniuliza kama ndugu yangu atakuwa kwake Jumatatu.

Jumatatu akaja, kwa miguu, na koti. Alipita kwanza kwa Yeyo, akamsalimia vizuri kwa Kimaasai, "Takwenya," na Yeyo akaitika, "Iko." Wakakaa huko ndani kidogo. Sijui waliongea nini. Alipotoka alisimama kwenye geti langu lililofungwa, mimi upande huu, ndugu yangu ameitwa amesimama upande ule, mikono nyuma. Mkalimani alitafuta mtungi wa maji, akaugeuza, akaketi juu yake katikati yetu, akichungulia fahali wangu aliyekuwa karibu.

"Ongeeni," akasema.

"Mimi siongei na huyo," ndugu yangu akasema.

"Hata mimi," nikasema.

"Sawa. Ongeeni na mimi, nitapitisha."

Mnaelewa? Watu wawili wa tumbo moja, lugha moja, hatua tatu kati yetu, na mtu wa magharibi anatutafsiria kutoka Kimaasai kwenda Kimaasai. Lakini alikuwa na sheria zake za korti na hakuzivunja. Ya kwanza, anaongea kama wewe. Hasemi "anasema yeye", anasema "mimi". Ya pili, hapunguzi. Tusi likija analipitisha vile liko.

Nikaanza. "Mwambie yeye ni mwizi wa njia."

Akamgeukia ndugu yangu, sauti haina moto wala baridi: "Wewe ni mwizi wa njia."

"Mwambie hata fisi ako na aibu kumshinda," ndugu yangu akajibu.

Akanigeukia. "Hata fisi ako na aibu kukushinda."

"Mwambie ng'ombe wangu wanazunguka nusu siku kutafuta maji, na baba yetu alichimba hicho kisima akiwa na sisi wawili."

Alipitisha. Na nilimsikia yule mzee akisema "baba yetu" kwa sauti yake iliyochoka, kama amefiwa na huyo baba yeye mwenyewe. Nawaambia, maneno yako ukiyasikia kwa mdomo wa mtu asiye na hasira, ndipo unajua uzito wake. Yale ya fisi yalikuwa mabaya. Yale yangu pia. Nilianza kuona haya, na ndugu yangu nilimuona anakwaruza chini na kiatu.

 Halafu ndugu yangu akasema, akiangalia chini, "Mwambie nilipiga waya siku alinicheka mbele ya wakwe zangu."

Na ilikuwa kweli. Kwenye harusi ya binti yake, nimekunywa kidogo, nilisema mbele ya wakwe kwamba kwa boma la ndugu yangu bibi ndiye anabeba funguo. Watu walicheka. Mimi nilisahau siku hiyo hiyo. Nyinyi mnajua mkwe ni nani kwetu. Mtu anaweza kuhama kwa sababu ya neno moja mbele ya mkwe.

Mkalimani alinigeukia. Akafunga macho. "Nilipiga waya siku ulinicheka mbele ya wakwe zangu," akasema. Halafu, baada ya kupumua, "Nilikuwa nakuona kama baba."

Hayo ya mwisho ndugu yangu hakuyasema. Mimi niko na masikio. Nilimuangalia ndugu yangu nione kama atakataa. Hakukataa. Alikuwa ameinamisha kichwa, kofia imefunika macho.

Nilitafuta ufunguo mfukoni mara mbili kabla ya kuupata. Jioni hiyo Yeyo alikunywa maziwa ya ng'ombe wake, akatutemea mate ya baraka sote wawili, akisema tumekuwa wajinga, akiomba Mungu atupatie mvua, akirudi kusema tumekuwa wajinga. Waya ulitolewa wiki hiyo. Mkalimani hakungoja kuona. Alikuwa ameondoka akizunguka mbali na fahali.

Sijawahi kumshukuru vizuri. Hii ndiyo sababu naandika, au namwambia huyu msichana wangu anaandika pale nikichoka. Ningeleta mbuzi, angekataa. Ningesema asante mbele ya darasa, angenigeuzia iwe somo. Halafu miguu yake ikaanza kumsumbua, binti yake akaja akamchukua wakarudi Kajiado mjini, na sisi darasa letu likafa pole pole. Mama wa mitumba sasa ako na duka, na akigombana na mteja anamwambia wapunguze moto: "My friend, let us de-escalate."

Yeyo ametuacha mwaka huu, baada ya mvua ndefu. Tulimzika nyumbani. Mchungaji alipotuita familia tusimame, mimi na ndugu yangu tulisimama bega kwa bega kichwani pa kaburi, na wakati wa kutupa udongo tulichota pamoja. Baada ya matanga ndugu yangu akaniambia, "Na yule mzee hajui."

Tukaenda Kajiado. Binti yake alituweka kwenye viti, na mzee akashikwa mkono akaketishwa katikati yetu, kwa sababu hapo ndipo kulikuwa na nafasi. Amepungua. Koti sasa linamvaa yeye. Sikio la kushoto limekufa kabisa, lakini la kulia bado linakamata redio.

"Sopa," tukamsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa."

Nikamwambia Yeyo amekufa. Alifunga macho. Akauliza kitu kimoja tu: "Mlikuwa wawili?"

"Tulikuwa wawili," nikasema. "Upande mmoja."

Alishika magoti yake akatikisa kichwa muda. Halafu akasema, akiangalia ukuta, "Miaka yote ile kortini sikuongeza neno la mtu. Hata mtu akijifunga mwenyewe mbele ya macho yangu, sikuongeza. Kwenye geti yenu niliongeza moja. Limenisumbua. Nimefikiri, labda niliwapatanisha na uongo."

 Kiingereza changu chote na Kiswahili changu viliniacha. Ndugu yangu ndiye aliinama mbele, akaja upande wa sikio zima.

"Mzee, lile neno halikuwa lako. Lilikuwa langu. Nilikuwa nalo tangu utotoni, sikuwa tu na mdomo wa kulitoa."

Mkalimani alifunga macho, midomo inacheza. Halafu, kwa ile desturi yake ya miaka mingi, akanigeukia mimi niliyekuwa upande ule mwingine, akanipitishia, sauti haina moto wala baridi:

"Lile neno lilikuwa langu."

"Nimesikia, mzee," nikamwambia. "Nimemsikia mwenyewe."